Onora Akataa Kushika Mti wa Pipa

Asubuhi ya Mei mosi mama mkwe wangu, Gobnait, alimwona jirani yetu Onora ameinama kisimani petu. Tangu siku hiyo siagi ikagoma. Tunasuka, mti ukipanda na kushuka ndani ya pipa, mpaka mabega yanakufa ganzi; malai, mafuta yale ya juu ya maziwa, yanabaki povu tupu. Kwetu Mayo, magharibi ya Ireland, hilo halihitaji maelezo: achotaye maji yako ya kwanza ya Mei huondoka na siagi yako.

"Malai ni ya baridi, mama. Tuyasogeze motoni," nilisema.

"Wewe suka. Mwizi namjua."

Njia ya kumnasa ipo. Anayeingia nyumba inayosuka lazima ashike mti wa pipa, asuke kidogo, kisha apewe gudulia la mtindi. Anayekataa ndiye mchawi. Basi Alhamisi mama aliacha mlango wazi makusudi. Nilichukia mtego ule, lakini nami nilikuwa nikichungulia.

Onora akaja kuulizia kuku wake aliyepotea. "Mungu aibariki kazi," akasema mlangoni.

"Amina. Ingia, mwanangu, utupokee kidogo."

Onora akaficha mikono ndani ya shali. "Leo mnisamehe, mama. Mkono unaniuma."

"Jana ulikuwa unafyeka majani."

"Mama, niache niende."

"Uende na siagi yangu? Mei mosi ulichota nini kisimani?"

Neno hilo lingetoka nje, hakuna mlango ambao Onora angefunguliwa tena.

"Nilichuma mboga za majini," akasema, macho chini. "Ndizo tulizokula. Ng'ombe wangu alikufa Pasaka, sikumwambia mtu."

"Sasa kushika mti kunakushinda nini?"

"Nikishika utanipa mtindi. Gudulia la watu halirudi tupu, mama. Nitalirudisha na nini?"

Niliona aibu kwa ajili ya mama, na kwa ajili yangu pia. Kisha mama akajaza gudulia kubwa kuliko yote, akalitia mikononi mwa Onora.

"Jumapili, watu wakitoka kanisani, utanirudishia mbele yao," akasema.

"Na nini, mama?"

"Maji. Yachote kisimani kwangu, waone nimekupa mwenyewe."

Onora akaweka gudulia chini, akashika mti wa pipa, akaanza kusuka.