Taa ya Tochi Nyuma ya Boksi

Kila siku saa kumi alasiri Didas alikaa mbele ya redio yake na kumtukana mdogo wake. Hakumtukana kwa mdomo. Alimtukana kwa kidole, kwa nukta na vistari vinavyosimama badala ya herufi, akigonga kibao cha bati alichokikata mwenyewe, na taa ndogo ya tochi nyuma ya boksi ikawaka na kuzimika kwa kila herufi. Alipenda sana ile taa. Aliyeingia sebuleni alioneshwa hata kama alikuja kuomba chumvi tu.

Mkewe, Verediana, alikaa barazani akichambua maharage, na kila tusi alilisoma kwa mlio wa kibao, maana herufi hizo walijifunza nyumba nzima. Redio ile waliijenga wote hapo nyumbani Titye: Verediana alisokota waya kwenye kipande cha bomba la maji, binti yao Recho akaunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, Didas akasoma mchoro na kugombeza kila mtu. Mdogo wake, Gasper, alijenga ya kwake Kibondo kwa mchoro uleule. Leseni walikuwa nazo. Saa kumi ilipangwa na mama yao, aliyekuwa akiishi kwa Gasper. Alitaka awasikie wanawe wakiongea huku yeye anakunywa uji.

Uji huo hakuunywa. Alikufa masika, kabla redio hazijakamilika, barabara ikakatika kwa mvua, na Gasper akazika bila kumngoja kaka yake. Didas, mtoto wa kwanza, hakutupa udongo kwenye kaburi la mama yake. Wakatamkiana kwenye simu maneno ambayo hata mlevi angeyaonea haya, na Didas akaapa hatampigia Gasper simu tena mpaka afe.

Redio haikuwamo kwenye kiapo. Msiba ulipopoa aliimalizia, akafunga waya mrefu juu ya miti ya migrevilea, na ujumbe wake wa kwanza ulimtoa Verediana machozi: MDOGO WANGU HASIRA ZIMEISHA NAKUJA TUKAE KABURINI KWA MAMA. Kimya. Kesho yake akarudia. Kimya.

"Ananisikia," Didas alisema. "Amekaa pale ananicheka. Mshenzi yule."

Hapo ndipo matusi yalipoanza.

Verediana aligundua kosa siku aliyofuta vumbi. Taa ile ilikuwa ya majaribio tu. Unaichomeka kwenye tundu la kurushia ili uone kama boksi linatoa nguvu, kisha unaing'oa na kuchomeka waya wa juu mahali pake. Didas hakuing'oa. Waya aliuchomeka kwenye boksi la pili, la kusikilizia, akadhani unatosha kwa yote mawili. Kwa hiyo aliwasikia watu wa mbali vizuri kabisa, lakini neno lake hata moja halikuvuka uzio. Nguvu yote iliishia kwenye taa aliyokuwa akijivunia.

Verediana alishika ile taa, akaiacha hapo hapo. Angeliona kosa siku za upole, angesema. Sasa kilichokuwa kinatoka ni sumu tupu, acha taa iimeze. Mumewe alikuwa mkaidi lakini hasira zake zilikuwa na mwisho; siku zikiisha angemwonesha waya, amwambie atume tena ule ujumbe wa kwanza. Alipanga hivyo, akawa anahesabu matusi yakipungua.

Recho akarudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Mchana huo, mama yake akiwa shambani, aliliona kosa mara moja. Akang'oa taa, akahamishia hapo waya wa juu, boksi la kusikilizia akalipa kipande kingine cha waya, na hakumwambia mtu. Alitaka Baba ashtuke mwenyewe atakapojibiwa.

Saa kumi Verediana alikuwa anaanika udaga wa mihogo uani alipousikia mlio wa kibao. Siku hiyo Didas alikuwa ameamka vibaya. ULIMFUKIA MAMA KAMA MBWA, aligonga. Verediana akatazama dirishani, akaona hakuna kinachomulika nyuma ya boksi.

Aliacha ungo ukaanguka, akakimbia. Alipofika mlangoni Didas alikuwa anamalizia: MIMI SINA NDUGU.

Spika ikalia. Didas akaachia kibao, na Recho akaja mbio kutoka chumbani, akitabasamu kwa jibu alilolingoja. Herufi zilikuja polepole, kwa mkono wa mtu asiyefanya mazoezi, na wote watatu walizisoma.

KAKA NILIKUNGOJA KILA SAA KUMI TANGU MSIBA. LEO NDIO NIMEKUSIKIA. BASI. NAZIMA.

"Leo?" Didas aliuliza. "Leo kivipi?"

"Taa haikuwa imeng'olewa, Baba," Recho alisema, na furaha yake ilianza kumtoka usoni. "Nimeing'oa mimi mchana."

Didas aligeuka taratibu kwa mkewe. "Anayefuta vumbi hapa ni wewe."

"Ni mimi."

"Ulijua."

"Nilijua. Nilikuwa nangoja umalize kutukana."

"Ungeniambia, mwanamke."

"Nikuambie nini? Kwamba matusi yako hayafiki? Ungeyafikisha siku hiyo hiyo."

Alimchukia kwa neno hilo, lakini hakuweza kulikana. Akakirudia kibao. MDOGO WANGU HASIRA ZIMEISHA, aligonga, NAKUJA TUKAE KABURINI KWA MAMA. Akarudia, akarudia tena, mpaka Recho akatoka nje asione.

Safari hii maneno yalikuwa yanatoka kweli. Kibondo redio ilikuwa imezimwa.