Kidigo Kitafuata

Nyumba ya Ndimi iko Mombasa, hatua chache kutoka barabara ya Ndia Kuu, nami ndimi ninayeiendesha. Mkurugenzi ni Daktari Nicanor, lakini yeye anaendesha hotuba. Mimi naendesha maji, vitanda, vyakula na waandishi. Tunapokea waandishi wa lugha zote za nchi hii. Ndivyo isemavyo barua yetu ya mwaliko, iliyoandikwa kwa Kiingereza peke yake.

Kila Alhamisi alasiri tuna kikao kiitwacho Saa ya Lugha Mama. Mwandishi husimama, akasoma sentensi moja ya kwao, moja tu, na wageni wakafumba macho kama wanaoombewa dua. Kisha huieleza kwa Kiingereza dakika arubaini. Mwaka jana Sheryl, aliyejiandikisha kwa Kitaita, alisoma sentensi ile ile wiki nane mfululizo. Hakuna aliyegundua ila mimi, nami Kitaita sikijui.

Gunga alikuja mwezi wa pili. Ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, alichukua likizo bila malipo ili aandike kitabu cha Kidigo kuhusu mamake, aliyeuza machungwa katika soko la Marikiti miaka thelathini. Bibi huyo amesoma madrasa, Kiswahili anakisikia, Kiingereza hana hata salamu yake. Gunga alimwahidi kwamba kitabu kikiisha atamsomea yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Alinieleza hayo siku ya kwanza, hata kabla hajauliza choo kiko wapi.

Na alikuwa akiandika kwelikweli. Mimi Mgiriama, Kidigo nakisoma bila taabu, na ndimi niliyekuwa nikimchapia. Kuna sura mamake anapata habari ya msiba wa mama mkwe wake akiwa sokoni. Anauza kwanza machungwa yote, bei ile ile, ndipo anakwenda kulia. Niliisoma nikicheka huku machozi yanitoka. Likizo ilipokaribia kwisha zilikuwa zimebaki sura nne, Gunga akaomba aongezwe miezi mitatu.

Kamati ikakaa. Ni watu watatu, na Kidigo chao wote ukikichanga hakijazi kijiko. Wakataka kurasa kumi za Kiingereza ili waupime uzito wa kazi. Nikajitolea kuzitafsiri, mjinga mimi, nikashinda siku tatu nikiyasaka maneno mpaka nikaridhika.

Wakazipenda mno. Daktari Nicanor akamwita Gunga ofisini, nami nikaitwa nilete chai.

"Bwana Gunga, miezi mitatu umepata," alisema. "Ila kamati inauliza, kama kazi inapendeza hivi kwa Kiingereza, kwa nini ujisumbue na Kidigo? Andika kwa Kiingereza moja kwa moja."

"Daktari, kitabu hiki ni cha mamangu."

"Na atakipata. Kidigo kitafuata. Tutamtafuta mtafsiri mzuri."

Yaani atafutwe mtu wa kumtafsiria Mdigo kitabu chake kwa Kidigo. Nilitamani kuliachia lile sinia, lakini vikombe vikivunjika ni mimi wa kueleza.

Alipotoka nikamfuata barazani nikamwambia akatae.

"Nikatae niende wapi, Mbeyu?" alisema. "Nikirudi Kilindini sasa, hizo sura nne siziandiki tena maisha. Wacha nimalize. Mama atangoja kidogo."

Akabaki, akaanza upya kwa Kiingereza. Na Kiingereza cha Gunga ni cha barua za forodha. Machungwa yakawa shehena. Mamake akawa mhusika aliyetajwa hapo juu. Kamati ikasema ni mtindo wa kipekee, na Daktari akausifu katika hotuba mbili. Mimi nilikuwa nikichapa nikisonya.

Siku ya kukizindua kitabu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Daktari alitaka mamake Gunga aletwe, maana picha bila mama haina ladha. Akaja kwa feri ya Likoni na leso mpya, tukamketisha mstari wa mbele, nami kando yake. Gunga hakuwa amemwambia kwamba kitabu kimegeuka cha Kiingereza. Aliona haya, na mimi nilimwogopa yule mama kuliko nilivyomwogopa Daktari, nikanyamaza.

Daktari akahutubu. Mfadhili akahutubu. Kisha Gunga akasimama na kitabu chake, akasoma dakika ishirini bila kututazama. Alipofika kwenye yale machungwa na msiba, watu wakacheka. Mamake akageuka kuwatazama, kisha akacheka kidogo naye, kwa adabu. Gunga alipomaliza watu wakasimama kupiga makofi, naye akapiga. Daktari akatangaza kwamba nyumba yetu sasa imelea lugha kumi na moja, na kahawa ikaanza kupitishwa.

Yule mama akanishika mkono, akanisogelea. Alisema kwa Kidigo, kwa sauti ya chini, asije akamvunjia mtu heshima.

"Mwanangu, hotuba za hapa ni ndefu. Gunga ataanza kusoma saa ngapi?"

Nikamwambia ameshamaliza. Gunga alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, akipangwa vizuri kwa ajili ya picha, na alitusikia sote wawili.