Mahindi Yenye Dawa

Mwaka huo wa elfu mbili ng'ombe walikufa kutoka Kitengela hadi Kajiado, mpaka tai wakachoka kula. Upepo ulipovuma ulileta harufu ya mizoga sokoni, na watu waliendelea kununua nyanya huku wamejiziba pua. Kanisani kwa Nelima, shirika moja la Nairobi lilikuwa likileta chakula, na kamati aliyokuwamo Nelima ndiyo iliyokigawa: kwanza kwa majirani waliofutwa kazi viwandani, wenye nyumba wakiwagongea milango, kisha kwa kikundi cha akina mama wa Kimaasai huko ndani, ukishapita Isinya. Kikundi hicho kilisimamiwa na Soila, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Kwa heshima ya mwanawe wa kwanza watu walimwita Ng'oto Katoo, yaani mama yake Katoo.

Mwanzoni akina mama wa Soila waliukataa unga wa uji. Ulikuwa na rangi ya majivu na ulinuka kama gunia. Watoto walikuwa wamebaki macho na mbavu, lakini mama zao waliunusa, wakatazamana, wakaufunga tena. Nelima hakuwa mtu wa kushindwa na unga. Alikunja mikono ya sweta, akaukoroga mwenyewe mbele yao na kuunywa, kisha akasema, "Hii si unga tu, mama zangu. Hii iko na dawa."

Soila alilitafsiri neno hilo kwa Kimaa: olchani, mti unaoponya. Nyuso zikabadilika. Wa kwanza kunyweshwa alikuwa Sankale, mtoto wa Katoo, ambaye hata kulia alikuwa ameacha. Baada ya wiki kadhaa Sankale alikuwa akiwakimbiza wanambuzi na kuwashika masikio. Tangu hapo ilitosha Nelima kuweka mkono juu ya gunia na kusema dawa, na hakuna aliyeuliza swali. Aliporudi kwao Bungoma kwa mazishi ya shangazi yake, alisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alijisifu kidogo zaidi.

Jumamosi moja lori lilileta mizigo ya aina mbili. Kulikuwa na magunia ya mahindi meupe ya kula, na mifuko midogo ya mahindi ya waridi, mekundu kiasi kama ufizi wa mtoto. Hayo yalikuwa mbegu. Mtu fulani ofisini Nairobi alikuwa amesikia kwamba mvua inakuja, akaona kila familia ipewe ya kupanda. Nelima alijiuliza mtu wa ng'ombe atayapanda wapi, lakini mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Ngong, dereva alikuwa akipiga honi, na foleni ilikuwa imefika barabarani.

"Ng'oto Katoo," alimwambia Soila huku akiyatupia macho magunia mengine, "haya ya waridi yako na dawa. Usichanganye na haya meupe. Yaweke kando, sawa?"

"Yako na dawa," Soila alirudia.

"Kabisa. Hii ni ya dawa."

Soila aliuchukua mfuko wake, akaukumbatia kifuani, mkono mmoja chini na mwingine juu, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nelima aliliona jambo hilo. Aliliona na likampendeza, akageuka kumhudumia aliyefuata. Kwao Bungoma hata mtoto anayetambaa anajua mahindi ya waridi ni ya shambani. Ukisema yametiwa dawa, umemaliza. Hakuna anayehitaji kuongezewa neno.

Mvua ilinyesha Jumapili usiku kucha. Jumatatu asubuhi Kitengela ilikuwa tope tupu, na Nelima alikuwa akiruka madimbwi kwenda dukani kwa Bedan, muuzaji wa mbegu na dawa za mifugo, alipokutana na Katoo. Katoo alikuwa amebeba ngozi za mbuzi begani, na kicheko chake kilimtangulia. Alimwita Nelima kwa jina la mwanawe, kama kawaida.

"Mama Khisa, mvua imekuja. Sasa nyinyi watu wa jembe mtatunyima usingizi na kelele ya kulima."

"Na nyinyi mtaleta ng'ombe kwa mahindi yetu," Nelima alimjibu. "Ng'oto Katoo ako aje?"

"Ako na furaha sana. Leo ni sherehe kule. Ameita watoto wote wanaokunywa uji. Amesema mvua imekuja na dawa imekuja, basi watoto wakule kwanza, sisi wakubwa tutakula haya meupe."

Nelima alitabasamu, akapiga hatua moja mbele, kisha mguu wake mwingine ukakataa kufuata.

"Wakule nini?"

"Haya ya rangi. Yale ya dawa. Nimeacha yeyo, mama yangu, akiwasha moto."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati la duka. Nelima aliyasikia kila tone. Alitaka kusema mahindi makavu huchukua muda mrefu kuiva, kwamba bado kuna nafasi, na akajikuta ameuliza, "Anayapika makavu hivyo hivyo?"

"Hapana. Ameyaloweka tangu jana," alisema Katoo, na kicheko kikaanza kumtoka usoni. "Mama Khisa, kuna nini?"

Bedan alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni. Alikuwa amesikia yote. Aliutema mswaki ule, akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa pikapu bila kufunga duka.

Barabara ya lami iliwafikisha Isinya upesi, na Katoo, aliyebanwa katikati, alikuwa bado hajaelewa vizuri. Bedan ndiye aliyemweleza, macho yake yakiwa barabarani. Alisema ile rangi huwekwa ili mtu asije akadhani ni chakula. Ile dawa ni ya kuua wadudu udongoni, na ikiingia kwa mtu haimwachi.

"Lakini mama huyu alisema ni dawa," Katoo alisema.

"Ni dawa," Bedan alijibu. "Hata mimi dukani naiita dawa. Dawa ya kupe, dawa ya panya."

Katoo aligeuka akamtazama Nelima.

Walipoiacha lami, udongo mweusi uliyameza magurudumu. Bedan alikanyaga mafuta, pikapu ikayumba kama mlevi, ikateleza kando, ikazama mpaka kwenye vyuma. Katoo alikuwa ameshatoka. Alivua viatu vya matairi, akavishika mkononi, akakimbia. Nelima alimfuata, sketi ameikunja mpaka magotini, tope likimshika kila hatua kama linalomsihi asifike. Mbele, nyuma ya miti michache ya migunga, moshi ulikuwa ukipanda wima na mweupe. Moshi wa nyumba ya watu wenye furaha.

Kati yao na moshi ule kulikuwa na korongo. Siku zote lilikuwa kavu, mbuzi walipita humo wakilamba mawe. Hata asubuhi Katoo alilivuka maji yakiwa vifundoni. Sasa lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai, yakibeba matawi na mzoga wa ndama uliovimba. Katoo alikuwa amesimama ukingoni akitafuta mahali pa kuvukia. Ng'ambo, karibu kiasi cha kuona shanga shingoni mwao, akina mama walikuwa wameketi kuzunguka sufuria, na watoto wamepangwa mstari, kila mmoja na kikombe chake cha bati. Soila alikuwa amesimama na mwiko.

"Ng'oto Katoo!" Nelima aliita kwa nguvu zake zote. "Hayo mahindi yako na dawa! Dawa!"

Maji yalivuma. Soila aliinua uso, akamwona, na uso wake wote ukafunguka. Aliunyanyua mwiko juu kumsalimia.

"Ee, dawa!" aliitikia. "Tunajua, mama! Karibu!"

Akachovya mwiko katika sufuria, akamwinamia mtoto wa kwanza.

Wakati huo Nelima aliona jinsi neno moja linavyoweza kumgeuka mwenye nalo. Kila alipolipaza ndivyo mwiko ulivyozidi kwenda. Kinywa chake kilitafuta neno lingine na kikalikosa, kwa sababu miezi yote ile alikuwa amewafundisha hilo moja tu.

"Sumu!" hatimaye likamtoka. "Ni sumu, mama! Sumu!"

Na Katoo, kando yake, alipiga ukelele kwa Kimaa, ukelele mrefu uliowafanya mbuzi wainue vichwa. Mwiko ulisimama hewani. Soila alimtazama mwanawe, akamtazama Nelima, kisha kwa mguu wake akaisukuma sufuria kutoka kwenye mawe yake matatu. Mahindi yakamwagika juu ya moto, na mvuke wenye harufu tamu ukawafunika wote.

Walivuka wakishikana mikono, maji kifuani. Akina mama walikuwa wakiwafungua watoto vinywa, wakitia vidole, wakipekua. Hakuna aliyekuwa amemeza. Kikombe cha yule mtoto wa kwanza kilikuwa hakijafika midomoni. Nelima aliketi chini kwenye tope na kuanza kumshukuru Mungu kwa Kibukusu.

"Mama Khisa," Soila alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na yale maji?"

"Maji gani?"

"Maji tuliloweka. Rangi yote iliingia kwa maji. Nikasema dawa imetoka kwa mahindi, sasa iko kwa maji, haiwezi kumwagwa. Nikampa yule wa kwanza kunywa uji, asirudie udhaifu. Asubuhi, kabla ya hawa wengine kuja."

Katoo hakuuliza ni nani. Aliinama akaingia katika nyumba ya udongo ya mama yake, akatoka akiwa amembeba Sankale. Mtoto alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa ya waridi, mate mengi yakimtiririka kidevuni, na mboni za macho yake zilikuwa zimesinyaa mpaka kuwa kama tundu la sindano.

"Koko," mtoto alimwita bibi yake, na hakuendelea.

Ng'ambo ya korongo Bedan alikuwa amepata vijana wa kusukuma pikapu. Walimvusha mtoto juu ya vichwa vyao. Njia nzima ya kwenda Kajiado Soila alimpakata, na Nelima alishika miguu yake, ambayo ilikuwa ikirukaruka yenyewe chini ya shuka.

Hospitalini walimchukua mbio. Mlango wenye pazia ulifungwa, na wao wakabaki kwenye benchi, tope likikauka miguuni mwao. Baada ya muda muuguzi alitoka. Alikuwa msichana mpole, na alijua kuwatazama watu wakubwa kwa heshima.

"Amefika akiwa na hali mbaya," alisema. "Lakini bado anapumua. Msiogope sana, mama. Tumempa dawa."

Soila aliinuka polepole. Hakumtazama muuguzi. Alimtazama Nelima, na lile tabasamu la ng'ambo ya korongo halikuwepo tena, wala halingerudi.

"Dawa gani?" aliuliza.