Mafunda Mawili ya Uji

Kwa siku ya tatu uji ulipoa mezani bila kuguswa, na Mama Luhende hakuwa mjinga. Hapa Igogo, mkamwana anayekataa chakula cha mama mkwe amekwisha kumwita mchawi bila kufungua mdomo. Miaka minne ya ndoa Precious hajashika mimba. Sasa, kumbe, mchawi amepatikana.

"Mwanangu, uji wangu una nini?"

Precious akatoa karatasi ya hospitali. Ovari zake zina vifuko, alieleza kwa sauti ya chini, na mwili wake hauisikii insulini vizuri. Watafiti wanachunguza damu ya wanawake kama yeye, wanatafuta chembe ndogo sana ziitwazo mikroRNA, waone kama zinaweza kuitambulisha hali hiyo mapema. "Damu wanaitoa kabla hujala, mama."

Mama Luhende aliisoma karatasi hadi chini, kidole kikifuata kila mstari.

"Hapa wameandika Jumatatu. Leo Jumatano."

"Wameniambia pia nipunguze sukari."

"Huu sijautia sukari."

Mama Luhende akakinyanyua kikombe, akapiga mafunda mawili huku akimkazia Precious macho, kisha akakisukuma mbele yake.

"Haya, kunywa."

Precious alikizungusha kikombe taratibu mpaka alama ya midomo ya mkwewe ikamwelekea. Akanywea hapo hapo, si kwingine.