Shusha Gea, Baba

Kwenye msafara ule walimwita Bubu, na wala hakuwa bubu. Waulizeni wateja wake, hasa wale wanaoleta kitambaa leo na kutaka gauni jana. Mdomo alikuwa nao, tena wa kutosha. Ila akiingia kwenye mchezo alizima maiki, na chochote alichotaka kusema alikiandika.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa malori. Watu wasiojuana kwa sura, kila mmoja na simu yake huko aliko, wanapakia mizigo ya uongo na kuisafirisha kwenye barabara za uongo, wamefuatana, wanapiga soga njia nzima. Hakuna anayeshinda wala anayeshindwa. Ukimuuliza mtu anapata nini, atakwambia nimechoka na kazi bwana, niache niendeshe. Palikuwa na Mwalimu, aliyesahihisha madaftari huku akisubiri zamu yake ya kupakia. Palikuwa na Kinyozi, mwenye utani mwingi na breki chache. Na palikuwa na fundi wa majokofu ambaye wote walimwita Njia Ndefu. Kwenye ramani kulikuwa na mteremko mmoja mkali, na yeye hakuwahi kuupita hata siku moja. Wenzake wakikata kulia kuteremka, yeye alinyoosha, akaizunguka milima yote, akafika wakati wenzake wameshashusha mzigo na wameanza kumsengenya.

"Njia Ndefu, una mke wa pili huko unakopitia?" Kinyozi humuuliza.

"Mwendapole hajikwai," naye hujibu, kisha hucheka kidogo, kicheko cha puani.

Kicheko hicho ndicho kilichomleta Bubu. Njia Ndefu alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, na hakujua kwamba huyo Bubu anayemwandikia "usiku mwema fundi" ni dada yake.

Baba yao alikuwa dereva wa lori, na lori lilikuwa lake mwenyewe, kalinunua baada ya kuendesha ya watu nusu ya maisha yake. Kijana alijifunza usukani kwake. Siku moja mzee kalala na homa, mzigo unasubiriwa, kijana akachukua ufunguo bila kuaga. Nia yake ilikuwa njema kabisa, hilo hata dada yake angeapa. Lakini alifika mteremkoni akateremka na gea kubwa, akaziachia breki kazi yote, breki zikapata moto, zikakataa. Lori likaishia korongoni, magurudumu juu. Yeye alitoka na mkwaruzo wa kiwiko. Baba alipofika pale, badala ya kumshukuru Mungu, alikitazama chuma chake akasema mbele ya umati, "Mimi sina mtoto."

Ulimi hauna mfupa. Na kijana naye damu imemchemka, akajibu hapo hapo, "Basi na mimi sina baba." Akaondoka na nguo alizovaa.

Jamani, watu wameishi miaka mingapi juu ya sentensi mbili! Dada alipompigia simu mdogo wake, maongezi yalikuwa matamu mpaka pale alipomtaja mzee. "Dada, ukinitajia huyo, nakata." Na alikata kweli. Mwisho akabadilisha namba. Nyumbani nako, ukilitaja jina la kijana, mzee aligeukia ukutani. "Hawa wawili wamefanana mno," dada alikuwa akisema huku akitunga uzi kwenye sindano. "Wangechapwa wote, kwa fimbo moja."

Kisha kiharusi kikampiga mzee. Upande wa kulia ukafa, na maneno yote yakampotea yakabaki mawili, "maji" na "hapana". Dada akahamishia cherehani chumbani kwa baba ili ashone huku anamwangalia. Hapo ndipo binamu yao alipomnong'oneza, "Mdogo wako utampata jioni kwenye malori. Ila usinitaje."

Nia ya dada ilikuwa amzoee kwanza, halafu amwambie. Sauti yake kijana angeitambua kwa neno moja, ndiyo maana akazima maiki. Tatizo ni kwamba alipomzoea, akaogopa. Kila jioni alijua mdogo wake amekula nini, amepandishwa ngazi gani na jokofu la nani, mgongo unamuuma au haumuumi. Akifungua mdomo, kijana atakata na huku pia, na huku ndiko kulikobaki. Tena kulikuwa na jambo lililomchoma zaidi. Mtu anasema hana baba, na kila siku akitoka kazini anakaa kwenye usukani wa lori. Dada aliliona hilo, akalimeza.

Nesi aliyekuwa akija kumtazama mzee alimvuta dada hadi koridoni. "Kama kuna mtu wa kuitwa," alisema, "aitwe sasa. Usingoje mwisho wa mwezi."

Jioni hiyo hedifoni alizokuwa akisikilizia msafara nazo zikafa. Waya ulikuwa umekatika upande mmoja siku nyingi, sasa ukakatika wote. Dada akaiegemeza simu kwenye cherehani, akaweka spika, sauti ndogo, mzee akiwa amelala macho yamefumba. Msafara ukaanza. Kinyozi akapiga honi, Mwalimu akasalimia, na Njia Ndefu akasema, "Habari za kazi, jamani? Leo nimebeba saruji."

Mzee alifumbua macho.

Dada alirukia simu kuizima. "Hapana," mzee akasema. Alisema kwa nguvu ambayo hakuwa nayo tangu augue, na jicho lake la kushoto lilikuwa linatoa machozi. Dada akaurudisha mkono wake taratibu. Wakakaa hivyo mpaka saruji ikafika, baba na binti, wanamsikiliza kijana akilalamikia bei ya gesi ya majokofu.

Ikawa ndiyo desturi. Ikikaribia saa ya msafara mzee aliitazama simu, na dada akaisogeza. Mzee alisikiliza kila kitu. Kinyozi akimtania Njia Ndefu, mdomo wa mzee ulijivuta upande ule unaovutika. Dada aliona kwamba sasa anawadanganya wawili, kijana asiyejua nani anamsikiliza na mzee asiyejua kwamba mwanawe hajui, na muda unakwisha. Akaandika: "Leo sina raha. Baba yangu anaumwa sana."

"Pole Bubu," akasema Mwalimu.

"Pole sana," akasema Njia Ndefu, na sauti ilikuwa imelainika. "Kaa naye. Acha hata msafara, sisi tupo. Mshike mkono, mwongeleshe hata kama hajibu. Mzazi hana duka utakakomnunua mwingine."

Mzee alikuwa anamtazama dada bila kupepesa. Dada akaona hapa ndipo mlango umefunguka. Akaandika haraka, kabla moyo haujamsaliti: "Na wewe fundi? Baba yako hajambo?"

Ikasikika injini tu.

"Mimi sina baba," akasema Njia Ndefu.

"Pole, marehemu alale pema," akasema Kinyozi, masikini, hajui lolote.

Njia Ndefu hakumsahihisha. Dada hakuweza kugeuka. Alizima simu akakaa na mgongo wake umeelekea kitanda, anajilaumu kwamba kwa kidole chake mwenyewe amemwandikia mzee tusi. Alipogeuka hatimaye, mzee alikuwa ameelekea ukutani. Usiku ule hakuomba hata maji.

Kesho yake dada aliapa hatafungua. Akakata suruali mbili za sare, akakosea moja, akaitupa chini. Ilipofika saa yenyewe mzee akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki na uhai, akaelekeza kidole kwenye simu. Dada akajifanya haoni. Kidole hakikushuka. Basi akafungua, huku anasema kimoyomoyo, baba, utajiua mwenyewe.

Siku hiyo wenye mchezo walikuwa wamefunga barabara ya kuzunguka milima. Vizuizi vyekundu njia nzima.

"Hahaa!" Kinyozi akapiga yowe. "Leo Njia Ndefu atakiona! Utashuka na sisi, upende usipende."

"Ngojeni kwanza. Nitageuza nirudi."

"Urudi wapi na mzigo wa watu?" akasema Mwalimu. "Njoo bwana, ni mchezo tu."

Njia Ndefu akakata kulia. Halafu taa za lori lake zikaonekana kwenye kioo cha pembeni cha lori la dada, linakuja nyuma kabisa. Wakaanza kuteremka. Kinyozi alishuka anaimba, Mwalimu akafuata, dada akafuata. Na nyuma yao injini ya Njia Ndefu ikaanza kulia. Ilikuwa inaongeza mwendo, breki zinapiga kelele, na juu ya kelele zile pumzi za kijana, fupi fupi, kama za mtu anayekimbizwa.

"Haikamati," alisema. "Breki hazikamati. Jamani, haikamati."

Haikuwa sauti ya mtu anayecheza. Hata Kinyozi aliacha kuimba.

Kitandani mzee alikuwa ameinua kichwa. Mishipa ya shingo imemsimama, mdomo unahangaika, unatafuta. "Ge," alisema. "Ge..."

Dada akaelewa. Alielewa pia kwamba akiufungua mlango huu haufungiki tena. Kijana akikata leo, amekata moja kwa moja. Akaitazama alama ya maiki, nyekundu, haijawahi kuguswa. Akaigusa. Akaisogeza simu mpaka kwenye midomo ya baba yake.

"Gea," akasema mzee. "Shu... shusha gea." Akavuta pumzi, na neno la mwisho akalitoa polepole, kama anavyosema baba yeyote anapomtuliza mwanawe wa kiume. "Baba."

Kisha ikasikika gea ikiingia, ya tatu, kisha ya pili. Mlio wa injini ukawa mzito. Lori likapunguza, likapunguza, likateremka kwa hatua za mgonjwa mpaka chini kwenye tambarare, likasimama katikati ya barabara.

"Nimeshusha," alisema kijana. Sauti ilikuwa imekatika vipande. "Nimeshusha, baba."

"Kumbe Bubu ana mzee ndani!" Kinyozi alianza, na Mwalimu akamwambia nyamaza wewe.

"Bubu," kijana akasema. "Ni dada?"

"Ni mimi," dada alisema, na alikuwa analia kwa sauti. "Njoo. Nakuomba mdogo wangu, njoo."

Simu ya upande wa pili ikakatika. Lori lake likabaki pale barabarani, taa zinawaka, halina mtu.

Alifika asubuhi kwa pikapu yake ya kazi, ngazi imefungwa juu, akabisha hodi kwenye nyumba aliyozaliwa, kama mgeni. Mzee alikuwa anapumua, lakini macho hayakuwa yakifumbuka tena, na nesi alikuwa ametikisa kichwa. Gea, baba: maneno yake yalikuwa yameishia hapo.

Kijana alikaa ukingoni mwa kitanda. "Ananisikia?"

"Anakusikia. Jioni zote hizi alikuwa anakusikia. Simu ilikuwa hapo kwenye cherehani, kwenye spika."

Kijana aliitazama cherehani. Dada aliliona swali likimpanda usoni kabla hajalisema, akatamani lisisemwe.

"Hata niliposema sina?"

Dada angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya sana mwaka huo. "Hata hapo," alisema. "Alisikia. Na kesho yake ndipo alipokuita baba."

Kijana akauweka uso wake kwenye mkono wa mzee, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Dada alimwacha alie. Alipotulia, akasogea karibu na sikio la mzee.

"Sikuzunguka," alimwambia. "Nimepita mteremkoni na pikapu, baba. Pale pale tulipoliacha lori. Nimeshuka na gea ya pili mpaka chini, breki sikuzigusa."

Mzee alifariki mchana wa siku hiyo, watoto wake wote wawili wakiwa chumbani. Kama alisikia habari ya mteremko, hakuna ajuaye. Dada alimwambia mdogo wake kwamba alisikia, kwamba aliona kidole kikitikisika, na mpaka leo hajabadilisha kauli.