Lita Mbili za Ziada

Jamani, kuna watu wa kuogopwa, halafu kuna ndugu. Fundi wa maabara ya shule, ambaye wanafunzi walimwita Matone, aliogopa asidi, aliogopa hata mkuu wa shule akikohoa. Ila kaka yake Matone hakumwogopa kamwe. Tumbo moja, ziwa moja! Ndiye mwalimu wa kemia, ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, na wiki hiyo mkuu wa shule alikuwa anaamua kama Matone athibitishwe kazini au afungashe virago.

Kwa mtihani wa majaribio ilitakiwa asidi ya oksaliki, moli sifuri nukta moja kwa kila lita. Desturi yao ilikuwa moja: mwalimu anataja uzito wa moli, fundi anapiga hesabu.

"Kaka, nina gramu sitini na tatu. Nigawe kwa ngapi?"

"Tisini," kaka akajibu, macho kwenye simu.

Sitini na tatu kwa tisini, moli sifuri nukta saba. Igawe kwa sifuri nukta moja, lita saba. Akajaza ndoo mpaka hapo, akakoroga, akaondoka akiimba.

Loo! Asidi ikawa nyepesi kama ya kusukutulia. Darasa zima likaanguka mtihani, na ndugu wote wawili wakaitwa ofisini.

Kaka akaligeuza kopo la asidi lililowekwa mezani, akalisoma. Matone akamwona anavyobadilika rangi.

"Chembe hizi zina maji ndani yake," kaka akasema polepole. "Moli moja ni gramu mia na ishirini na sita. Zilitakiwa lita tano."

Matone akashusha pumzi. Sasa kaka atakiri kosa ni lake, yaishe.

"Nilimwambia," kaka akaendelea, akitazama sakafu. "Mia na ishirini na sita, nilimtajia kwa mdomo wangu. Mkuu, msamehe tu. Ni mdogo wangu, hesabu hazijawahi kumkaa kichwani."

Mtu karukwa futi mia, tena kwa sauti ya huruma!  Kabla Matone hajajitetea, mkuu alikuwa ameshaamua: asithibitishwe, ila kwa heshima ya mwalimu apewe kazi ya kufagia madarasa. Ufunguo wa maabara ukapita mbele ya macho yake, ukaingia mfukoni mwa kaka.

Matone alitembea mpaka nyumbani. Mama yao alikuwa mlangoni, simu bado mkononi.

"Mshukuru kaka yako, mwanangu. Bila yeye ungefukuzwa."

"Mama, aliyekosea ni yeye! Alinitajia tisini, mimi nikamwamini!"

Mama akamtazama kwa masikitiko, akatikisa kichwa.

"Alinionya," akasema, "kwamba utamsingizia."