Uzito wa Upande wa Pili

Habari hii nilipewa na Ndaya mwaka jana, kiangazi kikianza, tulipokuwa tunamenya karanga kwangu. Alikuwa amekaa mwezi mzima kule Dilala kwa shemeji yake Mpoyi, mume wa marehemu dada yake Laurentine. Aliyoyaona aliniambia, na asiyoyaona alinieleza kana kwamba aliyaona.

Ijumaa moja Noëlla, mjukuu ambaye Mpoyi alimlea tangu akiwa wa kubebwa, alirudi kutoka shuleni, akaweka daftari mezani mbele ya babu yake, akaenda kukaa mlangoni bila kuvua viatu. Mpoyi alisoma madarasa matatu tu, lakini wino mwekundu hauhitaji madarasa. Alama mbili kwa ishirini.

Lilikuwa daftari la fizikia: kazi, uwezo na nishati. Swali kubwa lilisema kwamba mashine inapandisha kaji ya kilo elfu moja na mia mbili kutoka shimo la mita mia na hamsini kwa sekunde thelathini; tafuta uwezo wa mashine. Noëlla aliandika wati elfu kumi na tano. Mwalimu alitaka elfu sitini.

Kaji, kile kizimba cha chuma kinachoshusha watu mgodini, ilikuwa maisha ya Mpoyi. Kwa miaka ishirini na nane alikaa kwenye kiti kimoja, kiganja juu ya wenzo wa mashine, akiwashusha waume wa watu alfajiri na kuwarudisha kwa wake zao jioni. Na kila aliyewahi kukalia kiti kile anajua kwamba kaji haipandi peke yake. Ng'ambo ya gurudumu, kwenye ncha ya pili ya kamba, ipo kontrepwa, pande la chuma linaloshuka kaji inapopanda, likiupokea mzigo. Mashine humalizia kilichobaki tu. Noëlla alikulia ndani ya maneno hayo kama watoto wengine wanavyokulia ndani ya hadithi za sungura. Alipolikuta swali, aliiona kaji ya babu yake, akaondoa kilo mia tisa za kontrepwa, akapiga hesabu ya mia tatu zilizosalia.

Kumbe swali halikuitaja kontrepwa.

"Kambo," alisema kutoka mlangoni, maana ndivyo wajukuu wa kule wanavyomwita babu, "mwalimu alicheka mbele ya batu bote. Anasema mi naweka bitu byenye habiko."

Walioanguka walipewa nafasi moja, Jumatatu. Atakayeanguka tena hataandikishwa kwa mtihani wa serikali. Atarudia mwaka mzima.

Mpoyi aliinuka, akavaa koti. Alisema anakwenda kumuuliza huyo mwalimu ni shimo gani amewahi kushuka. Ndaya, aliyekuwa anachambua matembele, hakuinua hata kichwa.

"Shemeji, ukishamushinda mwalimu, nani atarudia mwaka? Si weye."

Koti likarudi msumarini. Jumamosi yote Mpoyi alilisugua goti lake kwa kiganja. Alikuwa na hoja, na hoja ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana ilikuwa nzito kuitua chini. Shimo lile lilikwisha jaa maji. Gurudumu liling'olewa likauzwa kama chuma chakavu. Waliopanda kaji yake wengine wako makaburini, wengine wanalima mahindi kule Lubudi. Kontrepwa ilibaki mahali pawili tu duniani: kinywani mwake na kichwani mwa binti huyu. Akiitoa humo, ataiweka wapi?

Jumapili, walipotoka kanisani, aliiendea kamba ya kuanikia nguo. Laurentine alikuwa mfupi, na kamba aliifunga kwa kimo chake. Tangu azikwe masika mawili yalikwisha pita, shuka zikiburura ncha vumbini, na hakuna aliyethubutu kuipandisha. Mpoyi alifungua fundo kwa vidole na meno. Akairusha kamba juu ya boriti ya baraza, akafunga ndoo ya maji huku na ndoo ya maji kule.

"Vuta."

Noëlla alivuta kwa vidole viwili. Ndoo moja ikapanda, ya pili ikashuka, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Babu yake akaifungua ndoo ya pili, akampa ncha tupu.

"Sasa vuta."

Kamba ililia juu ya boriti. Noëlla alishika kwa mikono yote miwili, visigino vikateleza sakafuni, ndoo ikapanda kwa kusitasita.

"Ile ya kwanza iko yangu," Mpoyi alisema. "Hii iko ya mwalimu."

"Lakini kambo, nani anapandishaka kaji bila kontrepwa?"

"Hakuna mutu. Mu kitabu tu." Aliitazama ile ndoo iliyobaki chini. "Ule wa mu kitabu hana mwenzake ng'ambo ya kamba. Umuonee huruma, mama. Umuhesabie yote."

Ndaya aligeuza uso, akajifanya anatafuta chumvi.

Mpaka jua likaaga, Noëlla alisoma maswali kwa sauti: pampu na maji yake, mtu na gunia lake. Kila mara babu aliuliza neno moja, kama iko peke yake. Peke yake, alijibiwa. Basi yote, alisema.

Jumatatu mchana Noëlla alirudi. Alama zilikuwa bado. Swali la kaji lilirudi lilelile; aliandika elfu sitini, alisema. Kisha akapunguza sauti: chini kabisa ya karatasi, kwa kalamu ya risasi, alichora gurudumu dogo, na ng'ambo yake kisanduku kinaning'inia. Pembeni ya mchoro hakuandika kitu.

Mpoyi alisogeza kiti chake karibu naye.

"Uliichora inashuka ao inapanda?"

"Inashuka."

"Basi batu banapanda."

Noëlla alifua blauzi yake nyeupe, akaifunga kamba upya kwa kimo kilekile cha zamani, akaanika blauzi juu yake, akajilaza mkekani. Usingizi ukamchukua kabla hajafunga kinywa cha kupiga mwayo. Ndaya naye akasinzia, mgongo ukutani. Yaliyofuata hakuyaona. Mpoyi alibaki kitini barazani, akiitazama blauzi ikiinuka na kushuka kwa upepo, mikono ya nguo ikikaribia vumbi bila kuligusa. Mkono wa kulia wa mzee, juu ya goti, ukasogea mbele polepole kama uko juu ya wenzo, ukarudi, ukatulia kama wa mtu aliyefikisha watu juu salama. Ndipo macho yakafumba.